Muhogo wa Pilipili na Mzimu wa Kabatini

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusoma. Mwaka 1986, mtafiti mmoja wa Marekani aitwaye Dolf Zillmann, pamoja na wenzake, walichapisha jaribio la vijana wa chuo walioonyeshwa filamu ya kutisha. Kila kijana aliketi na mtu wa jinsia nyingine ambaye, bila kijana kujua, alikuwa amepangwa: ama aogope, ama ajikaze, ama akae tu kama gogo. Ikaonekana wanaume huifurahia filamu zaidi wakiwa na mwanamke anayetetemeka, na wanawake wakiwa na mwanamume aliyejikaza. Na kuna kipengele kilichonikaba koo: hata mwanamume asiye na sura, akijikaza, hupanda bei.

Mimi sura yangu naijua. Kipengele hicho nilikisoma mara tatu.

Jumamosi nikamwalika binti mmoja wa genge la mboga la jirani (jina nalihifadhi, ana mkono mzito) twende kibanda umiza, sinema yetu ya mtaani, huku Mwananyamala, Dar es Salaam. Kiingilio 500 kwa kichwa. Nililipa na noti ya elfu kumi ili aione. Nikanunua na mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, pilipili imemwagwa bila huruma. Hiyo pilipili usiisahau.

Mpango ulikuwa mwepesi. Yeye anashtuka, ananishika mkono, mimi namwambia kwa sauti nzito, "Usiogope, ni muvi tu." Sauti hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni siku mbili, hadi mwenye nyumba akauliza kama nina kikohozi.

Tukabanana kwenye benchi. Kulia kwangu binti, kushoto mpiga debe mmoja mwenye mabega ya kabati. Mtafsiri kashika maiki, na yule mtafsiri si wa kutafsiri tu, anagombana na sinema. "Huyu mama amesikia kishindo kabatini. Mama, nenda kwa jirani ukalale! Haendi. Wazungu hawana majirani. Haya, anafungua. Mama, usifungue!"

Kisha akanyamaza.

Ndugu zangu, kinachotisha kwenye filamu si mzimu, ni mtafsiri kunyamaza. Muziki nao ukakatika. Nikasikia feni, nikasikia mbu, nikasikia moyo wangu. Nikaona bora nijifunike uso kwa viganja vyote viwili, kidogo tu, kama mtu anayefikiri.

Viganja vyenye pilipili.

Mzimu ulipotoka kabatini sikuuona. Niliona moto. Nilipiga yowe ambalo mama wa kwenye filamu angelilipia hela, nikaruka juu, nikatua kwenye mapaja ya mpiga debe. "Oya braza," akasema taratibu, "mimi nimekuja peke yangu na nitaondoka peke yangu."

Mtafsiri akasimamisha mkanda. "Jamani, wa kwenye tivii bado mzima, ila huyu wetu anakata roho!"

Kibanda kizima kilianguka kicheko. Huyo huyo Zillmann alishalieleza hili: hofu ikipita mwili haupoi mara moja, moyo bado unadunda, na msisimko uliobaki huingia kwenye furaha inayofuata na kuikoleza. Basi watu sitini walioshtushwa na kabati sasa walikuwa wameniona mimi. Kuna mzee alicheka hadi akaomba ashikwe. Kuna mtoto alipanda juu ya benchi ili anione vizuri, na mama yake badala ya kumshusha akamsogezea ndala zake.

Binti akanitoa nje kwa kola. Akanunua maji ya kandoro, akanikalisha kwenye tofali, akaniinamisha kichwa na kuniosha macho huku akiniambia, kwa sauti nzito niliyoitambua kabisa, "Usiogope, ni pilipili tu."

Nilikuwa sioni, kwa hiyo ikabidi anisindikize. Njia ya kwangu inapita pembeni ya makaburi ya Kinondoni, na saa nne ile usiku nilishikwa mkono na binti mzuri kwa dakika ishirini, kama nilivyopanga, isipokuwa yeye ndiye aliyekuwa mbele. Paka alipolia juu ya ukuta, mmoja wetu aliita mama yake. Sitasema nani.

Mlangoni nikajikusanya. Nikamwomba radhi, nikamwambia najua nimemharibia filamu.

"Filamu yenyewe mbovu," akasema. "Mzimu gani unavaa viatu?"

Akageuka kuondoka, akarudi hatua mbili.

"Jumamosi ijayo wanaweka sehemu ya pili. Mihogo nanunua mimi."

"Bila pilipili?"

Hakujibu. Nilimsikia anacheka mpaka alipokata kona.