Mchoro wa Morro Velho na watu walionyimwa uhuru wao

Inanikera kuona mchoro wa Marianne North wa mgodi wa dhahabu wa Morro Velho, kule Brazili, ukisambazwa na maneno "mandhari ya kuvutia" basi. Wanaomjua mama huyu wa Kiingereza wanamjua kwa maua. Michoro yake zaidi ya 800 imebanana ukutani kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, fremu kwa fremu, tangu 1882, na huu wa machimbo watu wanaupita wakikimbilia okidi.

North alifika Brazili 1872, akakaa miezi kadhaa Morro Velho kama mgeni wa msimamizi wa kampuni ya Kiingereza, St. John d'el Rey. Wengi wa waliochimba ni watumwa. Wanaume walishuka shimoni, wanawake wakabaki juu wakiponda mawe kwa nyundo kabla hayajapelekwa kwenye vinu. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton, huyu huyu wa Tabora na Ujiji, alipita hapo 1867 akawakuta wakipangwa mistari Jumapili, wamevaa sare, wanakaguliwa.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1845 kampuni hiyo ilikodi watumwa 385 kutoka kampuni nyingine, Cata Branca. Mkataba ulisema baada ya miaka 14 waachiwe huru. Hesabu mwenyewe: 1859. Hawakuachiwa. Kwa hiyo wakati North anachanganya rangi zake 1872, watu wale wana miaka 13 tangu siku yao ya uhuru ipite, na bado wanafanya kazi ya utumwa, kwa kampuni ya nchi iliyojisifu duniani kote kwamba inapinga utumwa! Mpaka 1879 ndipo mbunge Joaquim Nabuco alipolifumua jambo hili bungeni Brazili.

Haya, North alikuwa jasiri. Mwanamke kuzunguka dunia peke yake enzi zile si mchezo, na mkono wake ni mzuri. Wala sisemi mchoro ushushwe. Uacheni hapo hapo, watu wauone.

Ila mgodi ule baadaye uliingia mikononi mwa AngloGold Ashanti, hao hao wa Geita yetu, kwa hiyo msiniambie ni habari za mbali zisizotuhusu. Kila anayeusambaza mchoro huu aandike chini yake: Cata Branca, watu 385, walitakiwa kuwa huru 1859. Mstari mmoja tu unatosha.