Deni Lenye Shikamoo

Hakuna kinachouma kama kudaiwa na mtu anayekuamkia. Mtu akija kukudai kwa matusi, angalau una pa kushika: unamwambia akuheshimu, mnarushiana maneno mawili matatu, majirani wanaamua ugomvi, siku inapita. Lakini yule binti wa mikopo anayekuja kwetu kila Jumanne hana matusi. Anavua viatu mlangoni, anapiga goti kidogo, anasema, "Shikamoo baba." Utafanyaje? Unaitikia marahaba. Na ukishaitikia marahaba umekwisha, maana mtu mzima aliyeitikia marahaba hawezi tena kutokea dirishani.

"Mama yupo? Leo siku ya rejesho."

Mama hayupo. Mama yuko chumbani, amejifunika neti na mchana wote huu, na ameniachia maagizo kwamba ameenda msibani Kibiti. Tatizo ni kwamba msiba wa Kibiti tuliutumia wiki iliyopita. Binti anafungua kijitabu chake, anasoma, anasema kwa adabu ileile, "Poleni sana baba, naona mmefiwa mfululizo."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Mbagala, chumba na sebule. Sebule ina kochi, kochi lina shemeji yangu, alikuja mjini kusubiri majibu ya usaili. Juzi kati redioni alikuwepo mtaalamu wa mambo ya fedha, ile sauti nzito ya mtu aliyekula mchana. Akasema mshahara ugawe mafungu matatu: asilimia 50 ya mahitaji, 30 ya starehe, 20 ya akiba. Mama watoto akaongeza sauti ya redio, akijua sasa litatajwa fungu la nne, la madeni. Halikutajwa. Wakapiga muziki.

Halafu huo wa kugawa uko wapi? Mshahara wangu hunifikia umeshagawanywa. Kodi ya mapato imekatwa. Mfuko wa pensheni, asilimia 5. Bima ya afya, 3. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa shahada niliyosomea mambo makubwa ya lugha na leo naitumia kumuuliza mtoto wa darasa la pili kalamu yake iko wapi. Ndipo inaingia benki. Taratibu zinataka mtumishi wa umma asibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Basi yule ofisa aliyenikopesha alikata, akakata, alipofika kwenye mstari wa theluthi akasimama. Hakuzidisha hata mia. Nimefundisha sehemu miaka mingi, sijaona mtu anayeijua theluthi kama yule bwana.

Mkopo wa benki ulikuwa wa kiwanja, Mkuranga. Kiwanja kina msingi, msingi una majani, majani yana mbuzi wa jirani. Ndilo deni letu kubwa kupita yote, la miaka saba, na nyumbani kwetu halitajwi kabisa. Hatulijadili, hatuligombanii, halitukoseshi usingizi. Kwa sababu benki haiji. Benki inakata hukohuko juu, kimyakimya, sura yake siijui. Ila mama wa chapati ninayemdai, samahani, anayenidai elfu tatu, huyo ananikosesha raha ya maisha, maana anakaa kona ya kituo cha daladala na ana sauti.

Hapo ndipo wataalamu wanapokosea. Wanasema anza na deni lenye riba kubwa. Wengine wanasema anza na deni dogo, upate moyo. Sisi wa huku tunaanza na deni lenye mdomo mkubwa. Anayeweza kufika mlangoni watu wakiwa wanakunywa chai, analipwa leo. Anayeandika barua, atasubiri. Wakili nimpe hela ya kazi gani wakati kuna mwanamke anaweza kunitaja kwa jina langu, la baba yangu na la shule ninayofundisha, mbele ya wanafunzi wangu?

Huyo wa chapati nimemkwepa kwa njia zote. Nikishuka kituoni lazima nimpite, kwa hiyo nashuka kituo cha nyuma yake, nachukua bodaboda, namwambia kijana anipe kofia ngumu. Vijana wa boda wanashangaa, abiria wao wote wanaikataa kofia kwa harufu, huyu anaililia. Naivaa, nampita mama wa chapati nikiwa sijulikani, nalipa buku, yaani elfu moja. Mama watoto akapiga hesabu akasema hela ya boda ya wiki moja ingelipa lile deni na chenji ya chapati mbili ikabaki. Hesabu yake ni sahihi. Lakini elfu tatu ya kulipa inatakiwa yote kwa pamoja, na buku ya kukimbia inapatikana kila siku. Maskini ndivyo tunavyonunua kila kitu. Mafuta ya kula tunanunua ya kupima, kijiko kwa kijiko, na tukijumlisha ya mwezi tungekuwa na dumu la lita tano na mfuniko wake.

Sasa turudi kwa binti wa Jumanne, maana huyo anahitaji nafasi yake. Ile mikopo mtaani inaitwa kausha damu, na aliyeipa jina hilo alikuwa amekaa kwenye benchi moja na sisi. Wanawake watano wanadhaminiana. Mmoja akipungukiwa, wanne hawaondoki mpaka ipatikane. Zikifika saa nane mchana utawakuta wamekaa uani kwa mtu, hakuna anayecheka, watoto wanalia njaa, mmoja amepakata pasi yake ya umeme anasubiri mnunuzi. Na jamaa wa mikopo wakichoka kusubiri wanabeba: mtungi wa gesi, godoro, televisheni. Jirani yetu walimbebea feni ikiwa inazunguka.

Mama watoto alichukua mtaji wa kuuza vitenge. Mpango ulikuwa mzuri, nausifia mpaka leo. Siku hela ilipotoka, mama mwenye nyumba akaja kutaka kodi ya miezi sita. Vitenge vikaishia hapo. Kwa hiyo tunakaa ndani ya chumba tulichokilipia kwa mkopo wa biashara ambayo haikufunguliwa, na kila Jumanne tunarejesha faida ya vitenge ambavyo hakuna mtu amewahi kuvivaa.

Nikasema mimi ni msomi, siwezi kuonewa. Nikafuatilia, nikakuta Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana: isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Jumanne hiyo nikamsubiri binti nimevaa shati la mikono mirefu. Akaniamkia, nikaitikia, nikamtajia ukomo. Akatabasamu. "Ni kweli kabisa baba. Riba yetu ni hiyohiyo." Akatoa karatasi. Chini ya riba kulikuwa na ada ya fomu, ada ya usajili wa kikundi, bima ya mkopo, gharama za ufuatiliaji, na faini ya kuchelewa. Asilimia 3.5 yenyewe ilikuwa imekaa kwenye kona ya karatasi kama mgeni wa harusi asiyejuana na mtu. Gharama za ufuatiliaji nilipouliza ni nini, akasema ni nauli yake ya kuja kwangu. Kwa hiyo namlipia nauli anayekuja kunidai. Na soda nilikuwa nimeshampa.

Shemeji wa kochini naye hakubaki nyuma. Alikopa kwenye programu ya simu, zile unaweka kitambulisho na picha ya uso, dakika tano hela imeingia, na siku ya saba wanataka karibu mara mbili. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, shemeji alikuta ya kwake imo. Alishangilia mpaka wapangaji wakadhani kuna goli. Kwake yeye, deni lilikuwa limefutwa na serikali. Jamaa wa programu hawakuwa wameiona hiyo taarifa. Wakatuma ujumbe kwa kila namba iliyomo kwenye simu yake, pamoja na yangu: ndugu yenu fulani anadaiwa, mwambieni alipe. Ulifika kwa mwalimu mkuu. Ulifika kwa fundi friji, na friji hatuna. Ulifika kwa mjomba Songea.

Mjomba, Mungu amweke, kwa jinsi alivyozoea makundi ya michango, hakusoma mpaka mwisho. Akanipigia. "Nimeona ujumbe. Ni harusi au msiba? Nitume namba gani?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Mama watoto akanishika mkono. "Mwache kwanza atume."

Akatuma elfu ishirini. Nikaisikia simu inalia, nikatabasamu, sijamaliza kutabasamu ikalia tena. Simu yangu ilikuwa na ule mkopo wa kukamilishia muamala, ule unaokuazima pale salio lisipotosha. Ukaidaka elfu ishirini yote juu kwa juu, ukanishukuru kwa kulipa sehemu ya deni na kunikumbusha kilichobaki. Mjomba mpaka leo anauliza mazishi yalikuwa lini. Tangu siku hiyo nina laini mbili: ya kupokelea, na ya kudaiwa. Ugumu ni kwamba ndugu wote wanaijua ya pili.

Na michango yenyewe, hayo ndiyo madeni gani? Hukukopa, hukula, unadaiwa. Unaamka asubuhi umeingizwa kundi la kamati ya harusi ya mtoto wa mtu mliyefanya naye kazi zamani. Ukitoka, "mwalimu ameleft". Ukinyamaza, mwenyekiti anakuandikia ahadi kwa niaba yako. Elfu hamsini. Kila jioni orodha inapandishwa, waliolipa wana alama ya vema, mimi nimeandikwa "bado". Nimekaa "bado" mpaka harusi ikafungwa, maharusi wakapata mtoto, na mhasibu wa kamati hajachoka. Majuzi nimeingizwa kundi la arobaini ya huyo mtoto. Humo pia ni "bado".

Shuleni sisemi sana, ni kwangu mwenyewe. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi ni bila malipo, na mimi ndiye ninayewaeleza wazazi hivyo. Jioni nafika nyumbani mwanangu ananiambia kesho anatakiwa na rimu ya karatasi, hela ya uji, na ya mtihani wa wiki. Namuuliza nani kasema. Ananitazama tu.

LUKU nayo, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ina mita moja na familia sita. Uniti za bei nafuu ni za mwenye matumizi madogo, asiyezidi 75 kwa mwezi. Familia sita, na mmoja ana friji la kuuza barafu, uniti 75 tunazimaliza tukiwa bado tunabishana nani anapiga pasi. Halafu ukinunua, inakatwa 1,500 ya mwezi kodi ya jengo. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Nikamfuata mama mwenye nyumba kwa heshima zote nikamwambia hiyo 1,500 tungeomba irudi. Akasema sawa baba, jengo ni langu, kodi ni yangu. Mwezi uliofuata akapandisha chumba kwa elfu mbili.

Mangi mwenye duka simlaumu. Daftari lake nalijua, ila kuna mambo mle yananizidi kimo. Nilipitia nikakuta biskuti, juisi, pipi, karanga za kuonja. Nikasema Mangi, mimi sili biskuti. Akamwita mwanangu wa pili. Hajajua kusoma, ila anajua sentensi moja ya biashara: "Baba amesema uandike."

Jumapili usiku tukafanya kikao cha bajeti. Mama watoto akatoa kaunta buku, akapiga mistari kwa rula. Tukaanza kukata. Nyama ilishakatwa siku nyingi. King'amuzi kikakatwa, shemeji akaamka kwa mara ya kwanza tangu saa kumi akasema mpira ni haki yake. Mama watoto akataja hela yangu ya kahawa kijiweni. Mimi nikataja kusuka nywele. Kikao kikaahirishwa kwa muda usiojulikana, nikalala nimegeukia ukutani.

Asubuhi akanipa habari njema kwa hiari yake: zamu yetu ya mchezo inakaribia. Wako wanawake 20, kila mmoja anampa kijumbe anayekusanya elfu kumi kwa wiki, anayepokea anaondoka na laki mbili. Laki mbili! Nikatoka nyumbani natembea wima. Kufika jioni nilikuwa nimeshamwahidi Mangi, nimemwahidi mama wa chapati bila kofia, nimemwahidi mhasibu wa kamati zote mbili. Ile laki mbili moja ilikuwa imeshalipa laki tano na nusu.

Ikabaki mama mwenye nyumba. Nikamkuta uani anachambua mchele, nikamwambia mama usiwe na wasiwasi na kodi, mwezi ujao mke wangu anapokea mchezo.

"Najua," akasema, hakuinua macho. "Kijumbe si ndiye mimi?"

Nikamgeukia mama watoto. Akasema mbona sikuuliza.

Mama mwenye nyumba akaweka ungo chini, akahesabu kwa vidole. Kodi ya mwezi atakata palepale. Ile wiki mliyoruka kutoa, atakata. Sehemu yenu ya LUKU. Akarudia kuhesabu, akaanza upya na kidole gumba, akaniangalia kwa huruma ya kweli.

"Basi siku hiyo mkija kupokea, baba, mje na elfu kumi na tano."