Anayejiangusha aachwe hapohapo chini

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu mazoezi ya mpira wa kikapu. Ana miaka 12, kawa miguu tu, mwili bado uko njiani. Nikakaa juu ya tofali pembeni ya uwanja, kikombe cha tangawizi mkononi, nikitegemea kuona watoto wakijifunza kudunda mpira kwa mkono wa kushoto. Nikakuta kocha kawapanga mstari, anawafundisha kuanguka.

Mwanzoni nilifurahi. "Kidevu kifuani, matako yatangulie, mgongo ufuate." Safi, nikajisemea, maana sakafu ya uwanja wetu haina huruma na kisogo cha mtoto. Halafu kocha akaongeza: "Sasa sauti! Usipolia, refa hakuoni!" Watoto kumi wakaanza kulia "aaah!" mmoja baada ya mwingine, na hapo hakuna aliyeguswa hata na nzi. Mpwa wangu akawa nyota wa siku. Alitakiwa ajifanye kagongwa begani, akajirusha nyuma mita nzima, akashika shavu. Kocha akampigia makofi.

Nikamfuata kocha wakati wa maji. Kijana mwenyewe ni mtu mwema, anafundisha bila kulipwa, sina ugomvi naye. "Kaka," akaniambia, "ndo kikapu cha siku hizi hicho. Kwani wewe NBA huangalii?"

Naangalia hiyo ligi ya Wamarekani! Ndiyo maana nina hasira. Unaamka saa tisa na nusu usiku, unakaa gizani sauti umeizima ili mama watoto asiamke, na malipo yako ni kumwona mwanamume wa kilo 100 na ushei kaguswa na ncha ya kidole, anaruka kama mfuko wa rambo siku ya upepo. Kisha anainuka mzima, anakwenda kwenye mstari wa mitupo huru, ile isiyozuiwa na mtu, anatumbukiza miwili. Vlade Divac, mchezaji wa zamani wa ligi hiyo, alishatufundisha kwamba mtu mrefu kuliko mlango anaweza kuangushwa na pumzi ya jitu Shaquille O'Neal. (Haya, Shaq naye alikuwa anasukuma watu kama gari la mchanga. Nakubali, tuendelee.)

Wakubwa wa ligi hiyo wamejaribu dawa. Ya kwanza ilikuwa faini. Kuanzia msimu wa 2012-13, ukijiangusha walikuwa wanaangalia mkanda baada ya mechi: mara ya kwanza onyo, ya pili dola 5,000, na ilipanda hivyo mpaka dola 30,000 kwa kosa la tano. Mei 2013, kwenye fainali ya kanda ya Mashariki kati ya Miami na Indiana, LeBron James, David West na Lance Stephenson wakapigwa dola 5,000 kila mmoja. Watu wakashangilia kwamba hata mfalme, ndivyo LeBron anavyoitwa, kaguswa.

Kaguswa wapi? Msimu ule LeBron alikuwa analipwa zaidi ya dola milioni 17. Piga hesabu kwa mshahara wa huku: mtu anayepata milioni moja kwa mwezi, faini yake ingekuwa kama shilingi 3,500 kwa mwaka mzima. Chipsi mayai na soda. Kwa bei hiyo hata mimi najiangusha, tena nalala kabisa. Na mechi yenyewe imeshakwisha, pointi zimeshahesabiwa, timu iliyoibiwa imeshapanda ndege. Kumtoza mwizi nauli baada ya kuondoka na ng'ombe, hiyo si adhabu.

Msimu wa 2023-24 wakaja na kitu chenye akili zaidi: refa akiona umejiangusha anakupa teknikali, yaani faulo ya tabia, si ya kugongana, palepale, wapinzani wanapata mtupo mmoja huru. Afadhali. Lakini teknikali hiyo haihesabiki kwenye zile za kukutoa mchezoni, kwa hiyo unaweza kuendelea na maigizo mpaka kipenga cha mwisho, mradi benchi lako livumilie.

Kilichonifungua macho mimi ni jambo la 2021, ambalo wengi wameshalisahau. Kulikuwa na ule mchezo wa mtupaji kumrukia mlinzi kwa ubavu, au kurusha mguu pembeni, au kusimama ghafla mbele ya anayemfukuza ili agongwe kwa nyuma, kisha anarusha mpira popote na kumtazama refa. James Harden alikuwa profesa wa somo hilo, misimu kadhaa aliongoza ligi nzima kwa mitupo huru. (Watanzania tuna donda letu hapa. Mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili, Harden wa tatu. Sijui kwa nini najiumiza kulikumbusha.) Basi mwaka huo marefa wakaagizwa: mwili usiokwenda kawaida usizawadiwe. Mguso ukiwa mdogo, kaa kimya. Ukiwa mkubwa, faulo ahesabiwe huyo mwenye mpira. Msimu ukaanza, Harden karusha mwili wake kama kawaida, filimbi kimya. Karusha tena, kimya. Mitupo yake huru ikashuka ghafla. Hakuna aliyemtoza hata senti, ila ndani ya wiki chache wachezaji wale wale waliosema hawawezi kucheza vinginevyo walikuwa wanacheza vinginevyo.

Kimya, basi. Ndiyo hoja yangu yote, mengine ni kelele za mtu aliyekosa usingizi.

Anayejiangusha anafanya biashara, na mteja wake ni filimbi. Siku filimbi ikigoma kununua, angalia kinachobaki: mtu mmoja kalala chini, wenzake wanne wanalinda watu watano. Hakuna faini inayoishinda hiyo. Wapinzani wanakimbia, wanafunga kirahisi, na yeye bado yuko chini kanyoosha mikono kwa refa kama anaomba mvua. Hapo kocha wake atamfundisha mwenyewe, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mpira ukishatulia ndipo refa arudi na teknikali yake.

Na hiyo teknikali iume. Kwenye sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambazo ndizo tunazochezea huku, teknikali ya mchezaji inaingia kwenye zile faulo tano za kumtoa mchezoni, na teknikali mbili tu zinamtoa uwanjani. Kwa maandishi sisi ni wakali kuliko Wamarekani! Tatizo tumeweka onyo mbele yake. Mara nyingi timu inaonywa kwanza, ndipo adhabu ije. Yaani kila timu inaingia uwanjani na uongo mmoja wa bure mfukoni, na wajanja wanautunza mpaka dakika za mwisho za robo ya nne. Futeni onyo. Kila mtu mzima anajua kama kaangushwa au kajiangusha.

Najua mtakachosema. Ndiyo, mchezaji mdogo anachezewa rafu na majitu, na refa haoni mpaka mtu aanguke. Ni kweli, sitabisha. Ndiyo, kusimama imara mbele ya mtu anayekuja mbio na kupokea kifua chake ni ulinzi halali, tena wa kishujaa. Ndiyo, marefa wetu hawana luninga ya kurudia tukio, posho yao inachelewa, na jukwaa liko hatua mbili nyuma ya masikio yao. Na ndiyo, ipo siku mtoto atakuwa kaumia kweli na ataitwa mwongo. Hiyo inanisumbua kuliko zote. Lakini anayesababisha asiaminiwe ni yule aliyelia jana bila kuguswa.

Sasa niseme lililo langu. Nikiwa kidato cha tatu, kwenye mashindano ya shule, tulikuwa tunamlinda kijana mmoja mkubwa, mpole, mikono kama makasia. Tulishindwa kumzuia kabisa. Alikuwa na faulo nne. Akageuka chini ya ringi, kiwiko kikapita karibu na shingo yangu, upepo wake nausikia mpaka leo, nikaenda chini nimeshika koo. Filimbi. Faulo ya tano. Hakubishana na refa. Alinitazama tu pale chini, akauliza, "Nimekuumiza?" Aliuliza kweli, macho yamemtoka. Nikatikisa kichwa kama mgonjwa. Akaenda kukaa, akajifunika uso kwa jezi.

Tulishinda kwa pointi tatu. Sijawahi kuisimulia mechi hiyo nyumbani.

Kwa hiyo Jumamosi ileile, kocha alipoomba mtu wa kupuliza filimbi kwenye mechi ya watoto, nikajitolea. Mpwa wangu akaanguka dakika ya pili, na "aaah" yake. Nikafunga mikono. Wapinzani wakafunga kikapu. Akaanguka tena, nikatazama mwembe. Kikapu kingine. Akanikodolea macho: "Mjomba!" Nikamwambia uwanjani hapa mimi si mjomba.

Baadaye kidogo akaingia chini ya ringi bila kumtazama mtu, mtoto mwenzake akampiga mkono, paa, mpaka nje tukasikia. Alisimama, hakulia. Nilipuliza filimbi ile mpaka mate yakatoka.

Akakosa mitupo yote miwili. Kocha kanuna mpaka leo, anasema nimewavuruga.