Namba Moja Kwenye Orodha ya Wapiga Kelele

Kidato cha Pili C walikuwa 78, na mimi nilikuwa na miezi miwili kazini. Katika kipindi cha dakika 40, kama 25 hivi ziliishia kwenye "kimya!" Mwalimu wa Hisabati wa chumba cha pili alishaacha kulalamika, siku hizo alikuwa anakuja tu kunifungia mlango.

Mkuu wa idara yetu ya Jiografia, mzee mpole aliyebakiza kidogo astaafu, akaniita. "Kijana wangu, usishindane na kelele. Ukiingia simama mbele, nyamaza. Watanyamaza wenyewe."

Nikasimama. Nikanyamaza. Dakika ya tatu binti wa dawati la mbele akanisogelea: "Mwalimu, umefiwa?" Dakika ya tano wakawa wanachangishana. Nilirudi idarani na rambirambi ya shilingi 1,450.

Mzee hakucheka (alicheka, ila alisubiri nitoke). Kesho yake akaja kukaa dawati la nyuma anitazame nikifundisha, akaapa hatafungua mdomo. Akatimiza, mpaka nilipogusa volkano. Mzee yule na volkano! Jirani yake alimuuliza kitu kwa kunong'ona, naye akajibu, akidhani na yeye ananong'ona. Alimpandisha yule mtoto Ol Doinyo Lengai, akamshusha, akampandisha tena kumwonyesha ile lava yake nyeusi isiyo na mfano katika volkano nyingine yoyote iliyo hai. Safu tatu zikamgeukia. Mimi nikabaki na ubao.

Kengele ilipolia, monita, mtoto asiyejua utani, akaniletea orodha ya wapiga kelele. Namba moja: mkuu wa idara. Mbele ya jina, X nne na neno SUGU.

Adhabu ya sugu kwetu ilikuwa ndoo kumi za maji kwenye miche ya miti. Nikashika kalamu nilifute jina. Mzee akanizuia. "Ukilifuta langu, kesho nani ataiogopa karatasi hiyo?"

Saa nane mchana akavua koti, akabeba ndoo. Mimi nilikuwa na 2C tena. Nikageuka kutoka ubaoni, nikashtuka: hakuna hata anayekohoa. Wote wamejazana madirishani, wanahesabu ndoo kwa vidole.

Ndoo ya saba akaitua, akapumua, akanipungia mkono na kupaza sauti: "Unaona? Si nilikwambia watanyamaza!"

Monita akachukua kalamu.