Usiku wa Guanajuato una wenyewe

Ikikaribia saa mbili usiku mjini Guanajuato, nchini Mexico, ngazi za kanisa la San Diego, ubavuni mwa ukumbi wa Teatro Juárez, huwa zimeshajaa watu. Vijana waliovaa joho jeusi la mahameli lenye riboni za rangi mabegani wanakaza nyuzi za magitaa na mandolini. Mmoja anapiga tari na kuuliza nani katoka wapi, na kila kundi linajibu kwa kelele. Wanaimba nyimbo mbili tatu, halafu wanashuka na umati unawafuata vichochoroni. Hiyo ndiyo callejoneada, jina lililotokana na neno la Kihispania la kichochoro, nao waimbaji huitwa estudiantina. Watu hupewa kinywaji katika chombo kidogo cha kufinyangwa, wakasimamishwa kwenye viwanja vidogo kusikiliza utani na hadithi, na wengi humalizia Callejón del Beso, pale roshani mbili zinapokaribiana kiasi cha sentimita 68.

Sasa fikiria mama aliyemlaza mtoto nyuma ya mojawapo ya madirisha hayo. Kundi la kwanza likipita, la pili liko nyuma yake. Kesho ni hivyo hivyo.

Mvutano huu utaukuta katika miji mingi ya kale katikati ya Mexico, lakini Guanajuato unauma zaidi kwa sababu ya umbo la mji wenyewe. Ni mji wa machimbo ya fedha, uliobanwa ndani ya bonde jembamba. Sehemu kubwa ya magari hupita chini ya ardhi, katika mahandaki ambayo baadhi yalikuwa njia ya mto, na juu wanabaki waenda kwa miguu na kuta za mawe. Raha ya kutembea inatoka hapo. Balaa la kelele linatoka hapo hapo pia, maana wimbo ukiimbiwa kati ya kuta mbili hauna pa kwenda ila juu, madirishani.

Wanaoutetea usiku huo wana hoja nzito, na mimi naikubali kwa sehemu kubwa. Sanaa ya hapa haikuletwa na watalii. Mwaka 1953 mwalimu Enrique Ruelas aliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Guanajuato nje, akawachezesha michezo mifupi ya Cervantes, mwandishi wa kale wa Hispania, katika uwanja wa San Roque, mbele ya kanisa, mawe ya mtaa yakiwa ndiyo jukwaa. Kutokana na mbegu hiyo likazaliwa, mwaka 1972, tamasha la Cervantino ambalo kila Oktoba huleta ngoma, opera na tamthilia kutoka pande zote za dunia. Teatro Juárez, uliofunguliwa na Rais Porfirio Díaz mwaka 1903 kwa ajili ya matajiri wa zama zile, ungeweza kabisa kuwa jengo la kupigia picha tu. Leo taa zake zinawaka kwa sababu kuna watu wanaokuja usiku. Na bado kuna maonyesho ya bure mitaani, ambako muuza mahindi anasimama bega kwa bega na mgeni aliyetoka mbali.

Upande wa pili nao una haki yake. Callejoneada iliyokuwa mchezo wa wanafunzi sasa ina wauza tiketi waliovaa joho, wanaomkaba kila mpita njia katika bustani ya Jardín de la Unión. Wakati wa tamasha, kwa miaka mingi, vijana walimiminika kutoka majimbo mengine bila tiketi wala chumba, wakanywa na kulala mitaani, na asubuhi wakazi wakakuta vizingiti vyao vinanuka mkojo. Mwenye nyumba mjini kati akipiga hesabu anaona afadhali kupangisha vyumba kwa usiku mmoja mmoja kuliko kumweka mpangaji wa mwaka. Na mji uliohamwa na watu wake utaimbia nani?

Ukitaka kuona mwisho wa njia hiyo, nenda San Miguel de Allende, mji mwingine wa jimbo la Guanajuato. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa zamani wa Marekani walikuja kusomea sanaa kwa fedha za serikali yao, na mwaka 1950 ikafunguliwa Instituto Allende, chuo cha sanaa. Wengine hawakurudi kwao. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2017 jarida la Travel + Leisure likautaja kuwa mji bora duniani. Usiku wa San Miguel umepanda juu ya mapaa: baa zinazotazama kanisa la Parroquia lenye rangi ya waridi, ambako glasi moja ya mezcal, pombe kali ya Mexico, si bei ya fundi mwashi. Chini, Jumamosi, hupita harusi za wageni na vinyago virefu vya mojiganga, tarumbeta za mariachi, na punda aliyepambwa maua akibeba tequila. Ni nzuri kutazama. Lakini mwenyeji katika msafara huo mara nyingi ni yule anayemshika punda.

Hata hivyo nakataa kuililia kantina, yaani baa ya zamani ya mtaani, kama wengi wafanyavyo. Ni kweli ilikuwa ya bei nafuu, na ukiagiza kinywaji uliletewa kitafunwa bila malipo. Ila hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanawake hawakuruhusiwa kuingia humo. Usiku ule ulikuwa wa nusu ya mji tu.

Tena kuna hofu, ambayo mtu hawezi kuipita kimya. Jimbo la Guanajuato limekuwa miongoni mwa yanayoongoza kwa mauaji nchini, na baa zimeshambuliwa zaidi ya mara moja katika miji ya viwanda kama Salamanca na Irapuato. Novemba 2024 watu wenye silaha waliingia katika baa moja mjini Querétaro, jimbo jirani lililosifiwa kwa utulivu, wakaua watu 10. Katika hali hiyo, mtaa wenye watu wengi na muziki saa nne usiku ni ulinzi wa aina yake. Anayedai kila kitu kifungwe mapema alikumbuke hilo.

Kwangu mimi, kinachostahili kubanwa ni vipaza sauti na baa za mapaani, pamoja na idadi ya makundi yanayopita kichochoro kimoja kwa usiku mmoja. Gitaa la mtu anayetembea lisiguswe. Na wakazi wa vichochoro hivyo ndio wakae mezani saa zinapopangwa, kabla ya wenye hoteli.

Nasema hivyo kwa sababu ya La Alborada. Kila mwaka, karibu na mwisho wa Septemba, watu wa vitongoji vya San Miguel huandamana usiku na taa za umbo la nyota hadi mbele ya Parroquia, na ikifika saa kumi alfajiri hulipua fataki kwa takriban saa nzima, kumheshimu Malaika Mkuu Mikaeli. Hakuna baa inayofikia kelele zile. Wenyeji husema desturi hiyo ilianzishwa na wafanyakazi wa La Aurora, kiwanda cha nguo kilichofungwa mwaka 1991 na ambacho leo ni maduka ya sanaa na migahawa. Kiwandani hawana kazi tena, lakini usiku ule mmoja mji mzima unakesha kwa ratiba ya wajukuu zao, na mgeni aliyelipia chumba cha gharama huamka saa kumi kama wengine wote.