Hifadhi inavyouawa kutoka nje ya mpaka

Kila mradi wa ujenzi unapopangwa jirani na hifadhi, wenye mradi hutuambia maneno yaleyale: "Hatutagusa hata mti mmoja ndani ya mpaka." Mara nyingi wanasema kweli. Mimi nimeacha kuyapokea kama jibu.

Tazama mvua kubwa. Msituni majani huivunja nguvu, mboji huinywa, na maji hufika mtoni taratibu. Ardhi hiyohiyo ikishaezekwa mapaa na kumwagwa lami, maji hayana pa kuzama. Hukimbilia mtaroni, yakabeba udongo na mafuta ya magari, yakaingia hifadhini kwa kasi na kuchimba korongo palepale vyura walipokuwa wakitaga. Ukikagua mpaka, utaukuta uko salama kabisa.

Au taa. Kumbikumbi huruka baada ya mvua kutafuta wenza na kuanzisha vichuguu vipya. Ukisimika taa kali ukingoni, wataizunguka hadi wachoke. Asubuhi chini ya nguzo utakuta mbawa tupu, zimerundikana kama makapi. Bado sijataja paka wa nyumbani wanaonasa ndege, wala lantana, iliyopandwa kama ua la bustani na sasa inasonga mimea ya asili katika nchi nyingi.

Kinachoniuma zaidi ni namna tunavyopima. Tathmini ya athari kwa mazingira mara nyingi hutazama mradi mmoja peke yake. Nyumba arobaini: athari ndogo. Ghala: athari ndogo. Barabara ya kufikia ghala: athari ndogo. Anayejumlisha ni nani?

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu. Ina uzio pande tatu. Kusini kumeachwa wazi ili nyumbu na pundamilia waende nyanda za Athi-Kapiti na kurudi. Huko kusini ardhi imekatwakatwa viwanja, kila mwenye chake akaweka uzio, na msafara wa nyumbu umepungua vibaya mno. Waliopunguza njia hiyo walikuwa wengi, kila mmoja na kipande chake kidogo.

Watu wanahitaji nyumba, silipingi hilo hata kidogo. Lakini nyumba inaweza kuhamishiwa kiwanja kingine ikiwa bado ni mchoro. Njia ya wanyama haihamishiki hivyo.

Kwa hiyo ombi la kibali likitangazwa kwa maoni ya wananchi, tujitokeze mapema, kabla ya tingatinga. Tudai ukanda usiojengwa kando ya mpaka, taa zenye kofia zinazomulika chini, na mabwawa ya kupokea maji ya mapaa. Zaidi ya yote, tudai ramani moja yenye miradi yote iliyokwisha kuidhinishwa kuizunguka hifadhi, ibandikwe ukutani kabla mtu yeyote hajatia saini.