Seli za Saratani Zikifa kwa Kasi Mno

Dawa ya saratani husifiwa kwanza kwa kuua seli. Sifa hiyo hainitoshi. Nataka kujua pia seli zinakufaje na kwa kasi gani, kwa sababu mgonjwa anaweza kudhurika na kifo kile kile tulichokikusudia.

Kifo cha seli kilichopangwa, ambacho Kerr, Wyllie na Currie walikiita apoptosi mwaka 1972, huenda kwa utaratibu. Seli ikiharibika ndani, protini za BAX na BAK hutoboa utando wa nje wa mitokondria, vijisehemu vinavyoipa seli nishati. Protini ya sitokromu c huvuja humo, kimeng'enya kaspasi-9 huamka, nacho huiamsha kaspasi-3, ambayo hukatakata protini za seli. Seli husinyaa na kugawanyika vifuko vidogo, navyo humezwa na seli za jirani kabla ya kumwaga chochote.

Protini nyingine, BCL-2, huzuia hayo yote kwa kuzishikilia protini zinazochochea kifo. Kwenye limfoma ya folikula, aina ya saratani ya seli za kinga, mara nyingi jeni ya BCL-2 huhama kutoka kromosomu 18 kwenda 14, ikatua jirani na jeni za kingamwili zinazofanya kazi kwa nguvu. BCL-2 huzalishwa kupita kiasi. Uvimbe hukua hata kama seli zake hazigawanyiki haraka, maana zilizopaswa kufa hazifi.

Venetoklaksi, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa lukemia sugu ya limfositi (saratani ya damu inayokua polepole), hujipachika kwenye BCL-2 na kuzifungua protini zilizoshikiliwa. Seli zinaweza kuanza kufa ndani ya saa chache. Zikifa nyingi kwa mpigo, seli za kumeza mabaki huzidiwa, na zile zinazochelewa kumezwa hupasuka. Potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki hupanda kwenye damu, kalsiamu hushuka, figo hushindwa na mapigo ya moyo huvurugika. Majaribio ya mwanzo ya dawa hii yalishuhudia vifo vya namna hiyo.

Kwa hiyo dozi hupandishwa kwa wiki 5: miligramu 20 kwa siku wiki ya kwanza, kisha 50, 100, 200, hadi 400. Alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, huanzishwa siku 2 au 3 kabla, na mgonjwa hunywa maji lita 1.5 hadi 2 kila siku. Anapoanza miligramu 20, na tena anapoanza 50, damu hupimwa kabla ya kumeza, baada ya saa 6 hadi 8, na baada ya saa 24. Klarithromisini, ambayo ni antibiotiki, haitakiwi kabisa katika wiki hizo, kwani huzuia ini kuivunja dawa. Balungi nalo huepukwa. Nasisitiza hili: kuruka ngazi moja ili kuokoa wiki ni kuhatarisha maisha.

Kuchagua ni protini ipi inayoilinda seli ishambuliwe nako kuna gharama. Dawa nyingine, navitoklaksi, huzuia pia BCL-XL, ndugu wa BCL-2, na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, huishi kwa kuitegemea hiyo, hivyo idadi yake hushuka mara dawa inapoanza.

Upande wa kuzuia kifo ndio unaonitia mashaka zaidi. Ukiifunga kaspasi-8, kimeng'enya kingine cha apoptosi, seli iliyokwisha kupewa ishara ya kufa inaweza kugeukia njia nyingine: protini za RIPK1 na RIPK3 huiamsha protini ya MLKL, nayo hutoboa utando wa seli yenyewe. Yaliyomo humwagika, na kinga ya mwili huja juu. Umezuia kifo tulivu, ukaleta kingine chenye madhara makubwa zaidi kwa tishu.

Ndiyo maana asilimia ya seli zilizokufa, ikisimama peke yake, hainishawishi kuhusu dawa mpya. Watafiti watuonyeshe kama kaspasi-3 ilikatwa, kama MLKL ilifungwa fosfeti (yaani iliamshwa), na ni kiasi gani cha kimeng'enya LDH kilivuja nje ya seli, dalili ya utando kupasuka, kikipimwa saa baada ya saa.